Mnguruma wa Bondeni

Baba Pacha alikuwa na masikio. Si kwamba wenzake hawakuwa nayo, ila yeye aliyatangaza. Katika kibanda chake cha kutengenezea redio, kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, mteja hakuruhusiwa kueleza ubovu. Redio iliwashwa, Baba Pacha akafumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa siri, kisha akatoa hukumu: spika imepasuka ukingoni, au kuna waya umelegea nyuma. Mara nyingi alipatia. Zile mara nyingine alimlaumu mteja kwa kuidondosha.

Kitu kimoja tu masikio hayo hayakuwahi kukisikia, nacho ni kukoroma kwake mwenyewe. Mkewe, Mama Pacha, alikisikia kwa niaba yake na kwa niaba ya nusu ya mtaa. Mabinti zao pacha walipokuwa wadogo walidhani kila nyumba hunguruma watu wakilala. Walipoolewa na kuondoka, Mama Pacha alihamishia godoro lake chumbani mwao, mlango akauacha wazi. Akiulizwa na mumewe sababu ya kuhama, alisema ukweli, na ukweli haukupokelewa.

"Mimi sikoromi," alisema Baba Pacha. "Ningekoroma ningesikia. Kazi yangu ni kusikia."

"Utasikiaje na umelala?"

"Masikio hayalali, Mama Pacha. Yangekuwa yanalala, saa ya mezani ingemwamsha nani?"

Mama Pacha alirudi kwenye sufuria zake, na mumewe alihesabu hilo kuwa ni ushindi. Mara nyingine alienda mbali zaidi, akadai mkoromaji ni mkewe.

Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu na redio zikatoka. Kibanda kikabaki na redio za marehemu ambazo warithi hawakuzifuata. Baba Pacha alikuwa amekaa humo asubuhi moja, akifuta vumbi vitu alivyokwisha kuvifuta jana, alipoingia mteja wake wa zamani ambaye sasa alikuwa meneja wa kambi ya mapumziko msituni.

"Fundi, bado unajua mambo ya sauti?"

"Unamuuliza samaki kama bado anajua maji?"

"Basi nina kazi."

Kambi yenyewe ilikuwa ndani kabisa ya msitu wa mvua. Wageni waliochoshwa na miji yao walifika, wakalala kwenye nyumba za mbao, wakanywa chai huku wakitazama ukungu ukipanda, na ili wasijione wavivu, wakasaidia sayansi. Sayansi iliongozwa na dada mmoja mwembamba, mwenye shahada nyingi na buti zisizokauka, ambaye kila mtu alimwita Mtafiti. Alikuwa amefunga vinasa sauti kwenye miti, kila kimoja kimevikwa kasha la kuzuia mvua. Vilinasa kidogo, vikapumzika kidogo, usiku na mchana. Sauti zilizonaswa zilikatwa vipande vifupi na kuwekwa kwenye mtandao, na watu wa kujitolea huko waliko, wastaafu, wanafunzi, wauguzi waliotoka zamu, walisikiliza vipande hivyo na kubonyeza walichodhani wamesikia: ndege, chura, mvua, mtu, au sijui.

Kazi ya Baba Pacha ilikuwa kubadilisha betri, kukausha makasha na kuzibua vipaza sauti ambavyo sisimizi walivigeuza nyumba. Aliipenda tangu siku ya kwanza. Tangu redio zimwache, hakuna aliyekuwa amemkabidhi kifaa chenye waya ndani yake. Alitembea msituni na begi la bisibisi begani, akihutubia vinasa sauti kimoja kimoja kama wagonjwa. Njia yake iliishia bondeni, kwenye mti mkubwa ambao mizizi yake ilisimama kama kuta na kufanya kijumba kisicho na paa. Kinasa sauti kilifungwa juu kidogo ya kijumba hicho. Akimaliza kukihudumia, Baba Pacha alikaa kati ya kuta mbili, akala mkate na mayai, akaegemeza kichwa kwenye mti na kufumba macho kidogo. Kulala hakulala, hilo alikuwa tayari kuapa. Alifumba macho tu.

Msimu haujaisha, wasikilizaji wa mtandaoni wakaanza kuandikiana. Kulikuwa na sauti bondeni. Ilianza chini kama gogo linaloburutwa, ikapanda, ikatetemeka, kisha ikakatika ghafla, kimya, halafu ikarudi kwa mkoromo mkubwa kama mlango wa ghala unaofunguliwa kwa hasira. Wapo walioandika nguruwe mwitu. Wapo waliosema ni pimbi wa mitini, wakakumbushwa kwamba pimbi huita usiku, na huyu aliita mchana kweupe. Mmoja tu alibonyeza "mtu", wenzake wakamuuliza kwa upole kama amewahi kusikia mtu mwenye kifua cha ukubwa ule. Akaomba radhi. Kijumba cha mizizi kilikuwa kimeizungusha sauti na kuivimbisha kama ngoma, lakini hilo lilikuwa halijamjia mtu yeyote akilini. Mnyama akapewa jina la muda, Mnguruma, na jina la muda likashika.

Mtafiti alikuwa mtu wa tahadhari. Kabla ya kumwamini mnyama, alimwita fundi, kwa kuwa huenda mashine ndiyo mbovu.

Baba Pacha aliketi katika chumba cha kusikilizia, chumba kidogo cha mbao chenye kompyuta na feni iliyolalamika, akavaa spika za masikioni, akafumba macho. Mtafiti alimtazama bila kupumua. Sauti ikapita. Baba Pacha akaomba irudiwe. Kisha akazivua zile spika polepole kama daktari anayevua glovu.

"Mwanangu," alisema, "mashine ni nzima. Hiki ni kiumbe hai."

"Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika kama nilivyokaa hapa. Tena ni kikubwa, na kimezeeka. Kinavyovuta pumzi, kina taabu kifuani. Nakionea huruma."

Mtafiti akaandika maneno hayo. Kisha akamwonyesha jambo jingine lililokuwa likimsumbua: Mnguruma alisikika siku zile tu ambazo Baba Pacha alipita bondeni. Siku asizopita, kimya.

Hapo ndipo mtu angetegemea ukweli udondoke mezani wenyewe. Haukudondoka. Baba Pacha alitafakari, akakuna kidevu, akasema mnyama bila shaka amemzoea. Wapo wanyama wanaopenda watu watulivu. Mtafiti naye, aliyekuwa amesoma mengi kuhusu wanyama wanaomwitikia binadamu, aliona si wazo baya. Wakakubaliana Baba Pacha awe anakwenda bondeni kila siku, akae pale mtini, anyamaze, asubiri.

Basi akawa analipwa kwa kufanya kile ambacho zamani alikifanya kwa kujiiba. Alikwenda, akala, akakaa, akakodoa macho juu kwenye matawi. Akirudi jioni Mtafiti alimkimbilia.

"Umemwona?"

"Ni mjanja yule, ni mjanja kupita kiasi. Anasubiri mpaka nifumbe macho."

"Na ulimsikia?"

"Kwa mbali. Kama ndani ya ndoto."

Vinasa sauti vilikuwa vimemsikia kwa karibu. Meneja akaleta kamera. Kwa ushauri wa Baba Pacha, aliyeapa kwamba sauti inatoka juu, kamera ilifungwa ikitazama juu, nayo ikaleta picha nyingi nzuri za majani na moja ya makalio ya tumbili. Wageni wakazidi. Nyumba za mbao zikajaa mpaka Meneja akaanza kutazama bonde kwa jicho la kujenga nyingine huko huko, ili mgeni alale karibu na mnyama. Baba Pacha alivalishwa fulana yenye nembo ya kambi na kuitwa mlinzi wa Mnguruma. Wageni walipiga naye picha. Walimwuliza mnyama anakula nini, naye, kwa kuwa hakupenda kumwacha mgeni bila jibu, alisema majani laini na pengine mayai.

Meneja aliandaa siku ya wageni na kuwaalika jamaa za wafanyakazi. Mama Pacha akaja na kikapu chake na viatu vya kutokea, akakaa mstari wa nyuma katika ukumbi wa kulia, kati ya mgeni mwenye darubini shingoni na mpishi aliyekuja kusikiliza kwa dakika moja. Mumewe alikuwa mbele, kasimama kando ya spika kubwa, kifua mbele. Mama Pacha alikuwa hajamwona hivyo tangu siku ya harusi ya mabinti. Moyoni akafurahi, akajilaumu kwamba alichelewa kuja.

Meneja akaomba utulivu. Sauti ikawekwa.

Gogo likaburutwa, likapanda, likatetemeka. Mgeni mwenye darubini akafumba macho kwa raha. Kisha sauti ikakatika, ukumbi mzima ukanyamaza, na katika ukimya ule Mama Pacha alijikuta ameishika meza kwa mikono miwili. Hakuwa ameamua kuishika. Miaka yote mikono yake ilikuwa ikifanya hivyo yenyewe gizani, ikishika shuka, ikisubiri pumzi irudi. Ndiyo maana mlango aliuacha wazi. Kukoroma hakukuwa kumemwogopesha hata mara moja. Kilichomwogopesha ni pale kunapokatika.

Mkoromo ukarudi kwa kishindo. Wageni wakapiga makofi. Mama Pacha akaachia meza na kufuta macho kwa upindo wa kanga, na mgeni mwenye darubini akampapasa bega, akidhani ameguswa na uzuri wa viumbe.

Alimsubiri mumewe nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, mashuka ya wageni yakining'inia kwenye kamba.

"Umesikia?" Baba Pacha alifika akiwa amejaa tabasamu. "Umesikia mnyama wangu?"

"Nimemsikia. Namfahamu."

"Unamfahamu wapi wewe? Dunia nzima haimfahamu."

"Baba Pacha, yule ni wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe, mume wangu. Unakoroma."

Baba Pacha alitazama huku na huku, kama kuna shuka lililosikia. "Mama Pacha, usinivunjie heshima kazini kwa watu. Yule hakoromi, yule anaita. Wamesikiliza watu wenye shahada!"

"Shahada hazijalala na wewe."

"Umeanza tena. Hata porini umenifuata na maneno hayo hayo!"

"Nenda kasikilize," alisema Mama Pacha, bila kupandisha sauti. "Ila usisikilize kama mwenye mnyama. Sikiliza kama umeletewa redio."

Alikwenda, lakini kwa hasira, kwenda kumthibitishia. Chumba cha kusikilizia hakikuwa na mtu. Akavaa spika za masikioni, akaweka sauti ile kwa nguvu, akasikia mnyama. Akatabasamu. Akaweka tena. Kisha mazoea ya kazi yakamshika, kwa maana fundi redio hasikilizi ubovu kwa sauti ya juu. Sauti ya juu huficha. Akapunguza. Akapunguza zaidi. Mnyama akapungua pamoja nayo, ukubwa ukamwisha, kifua kikasinyaa, na mwishoni kabisa, baada ya mkoromo, kikasikika kitu kidogo sana: *tk*.

Baba Pacha akapitisha ulimi kwenye jino lake la bandia, lile la pembeni ambalo lilikuwa limelegea tangu siku lilipowekwa. Likasema *tk*.

Feni ililalamika. Aliwakumbuka wasikilizaji wa mtandaoni, picha alizopiga na wageni, yale mayai aliyosema mnyama anakula. Lakini aibu hiyo haikuwa kubwa kama ile nyingine iliyokuja nyuma yake ikitembea taratibu: kwamba kwa miaka mingi alimwita mkewe mwongo, na mkewe, aliyeuacha mlango wazi, alikuwa akikaa macho kusikiliza kama bado yuko hai.

Mtafiti alipoingia alimkuta amezishika zile spika mapajani.

"Mwanangu, kaa chini. Mnyama amepatikana."

"Yuko wapi?"

"Umemkuta kwenye kiti chako."

Mtafiti hakuelewa, kisha akaelewa. "Ulikuwa unalala, Fundi?"

"Nilikuwa nafumba macho."

"Kila siku?"

"Kila siku uliyonituma."

Mtafiti alianza kucheka. Alicheka mpaka akainamia meza, machozi yakamtoka, akapiga ubao kwa kiganja. Halafu akanyamaza ghafla, kwa sababu alikumbuka kwamba muhtasari kuhusu mnyama mkubwa wa bondeni anayeitikia binadamu alikuwa ameshautuma kwenye mkutano wa wanasayansi wenzake.

"Nilikuuliza kama una hakika," alisema, sauti ndogo.

"Nami nilikuambia nina hakika. Tulikosea wote kwa heshima."

Walikwenda pamoja kwa Meneja. Meneja aliwasikiliza, akafunga mlango, akauliza ni nani mwingine anayejua. Alishauri ukweli ungoje msimu uishe. Mtafiti akakataa; alisema sayansi haina msimu, maneno ambayo Meneja hakuyapenda kwa kuwa nyumba zake zote za mbao zilikuwa zimeshawekewa oda. Siku iliyofuata Mtafiti aliandika kwenye mtandao kila kitu, bila kuficha: mti, mizizi, mkate na mayai, fundi. Akaambatanisha na ile *tk*.

Alitarajia kuzomewa. Hakuzomewa, hakuaminiwa. Wasikilizaji walisoma maelezo yake kwa makini, wakayaona hayaridhishi. Mama mmoja aliandika kwamba amelala kando ya mkoromaji maisha yake yote na hiyo si sauti yake. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ile *tk* ni kawaida kwa wanyama wanaogonganisha meno. Wengi walikubaliana kwamba watafiti wamepata mnyama halisi na sasa wanamficha ili asisumbuliwe, jambo ambalo waliliunga mkono. Yule aliyewahi kubonyeza "mtu" alijitokeza kudai haki yake, akaambiwa asilete fitina.

Baba Pacha alipelekwa hospitali ya mjini, Mama Pacha upande mmoja, Mtafiti upande mwingine na kompyuta yake. Daktari alisema mgonjwa wa aina hii kwa kawaida hulazwa apimwe akiwa usingizini, ila huyu amekuja na ushahidi mwingi kuliko wote aliowahi kuwaona. Akasikiliza pale pumzi inapokatika, akaacha kutania. Alieleza kwamba koo hujifunga usingizini, moyo ukafanya kazi bila hewa, na kwamba kusinzia mchana kulitokana na hilo hilo. Wakarudi na mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye mpira na kifuniko cha puani. Akiivaa, Baba Pacha alifanana na rubani. Alilala, akaamka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alibaki macho mpaka jioni.

Tatizo ni kwamba Mnguruma naye alinyamaza. Wasikilizaji waligundua mara moja. Bonde kimya! Wakatafuta sababu, wakaipata: nyumba mpya ambazo Meneja alipanga kujenga. Barua zikaanza kumiminika, kutoka kwa watu waliowahi kulala kambini na wengine wasioujua msitu hata kwa picha, wakitaka bonde liachwe. Wageni wakatishia kutorudi. Miaka miwili Mtafiti alikuwa amemwonyesha Meneja rekodi za vyura wa bonde lile, vyura wa kweli wanaopungua kweli, na Meneja alikuwa ametikisa kichwa kwa adabu na kuendelea na ramani zake. Safari hii alikunja ramani. Mtafiti alishindwa kujua ashukuru au alie, akaamua kwenda kubadilisha soksi.

Baba Pacha aliwaeleza ukweli wageni wote waliomwuliza. Alisimama mtini, akaonyesha pale alipokuwa akiegemea, akasema, "Nilikuwa mimi." Walimtazama kwa mapenzi. Bwana mmoja alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia, "Tunaelewa, mzee. Endelea kumlinda." Baba Pacha alimweleza upya, akatoa hata jino. Bwana yule akalitazama jino na kusema ni uaminifu wa ajabu.

Mama Pacha, aliyekuja kwa siku ya wageni tu, alikuwa bado yuko kambini. Kwanza alibaki kuangalia mashine ya puani inavyofanya kazi. Kisha, siku ya mvua, Mtafiti alimpa zile spika za masikioni apitishe muda. Alisikiliza kipande kimoja, akaomba kingine. Alikosea sana mwanzoni. Alimwita chura ndege na mvua akaiita nyuki. Lakini hakuchoka. Miaka ya kukaa macho akisubiri sauti irudi ilikuwa imemwachia subira ambayo haikuwa na kazi tena, sasa ikapata. Mtafiti akampa kiti chake mwenyewe, na Mama Pacha akakiwekea mto.

Mchana mmoja Baba Pacha alitoka bondeni na begi lake, akakoka moto, kisha akamfuata mkewe chumba cha kusikilizia. Alikuwa amepika mwenyewe, kwa mara ya ngapi wiki hiyo hakutaka kuhesabu, na wali ulikuwa umeshika chini.

"Mama Pacha, chakula."

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu nilipokoka moto."

"Hebu njoo usikie hiki kwanza." Akamvua kofia, akamvika zile spika masikioni kwa mikono yake. Baba Pacha akafumba macho, akainamisha kichwa.

"Chura," alitoa hukumu. "Chura kabisa. Mdogo, yuko karibu na maji."

"Ni ndege," alisema Mama Pacha.

"Chura, nakuambia! Kazi yangu ni..." Akaishia hapo.

Mama Pacha alimtazama kidogo, akabonyeza "ndege", kisha akafungua kipande kingine.